Waondolee jibu la kitabuni: uwezekano unavyofundishika katika maabara ya fizikia

Swali

Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi wa fizikia katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Nimekabidhiwa maabara ya mwaka wa kwanza: wanafunzi zaidi ya mia moja na hamsini, vifaa vichache vinavyohesabika kwa vidole. Kila nikisahihisha ripoti za pendulamu (tufe linalobembea kwenye uzi) nakuta g, yaani mchapuko wa uvutano wa dunia, ni 9.81 (mita kwa sekunde mraba), na chini yake sentensi ileile: "tofauti ndogo imetokana na makosa ya kibinadamu." Fomula za makosa wamezikariri, lakini nikiwauliza ile alama ya ± inasema nini, wananitazama tu. Nimefikiria kuanza muhula kwa wiki nne za nadharia ya uwezekano darasani kabla hawajagusa kifaa chochote. Je, ndiyo njia?

Jibu

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Wiki hizo nne hazitakusaidia. Wanafunzi wako watarusha dadu za kwenye karatasi, watafaulu jaribio la darasani, na siku watakaposhika stopwochi wataandika 9.81 kama kawaida yao. Mwanafunzi haoni haja ya uwezekano mpaka awe na uamuzi mkononi ambao hawezi kuufanya bila huo uwezekano. Maabara yako kwa sasa haimpi uamuzi wowote. Inampa namba inayojulikana tayari na kumwambia aifikie. Kinachotakiwa kubadilika ni swali unalowauliza. Mihadhara unaweza kuiacha ilivyo.

Tuanze na hiyo 9.81, maana imebeba somo zima. Thamani ya g si moja duniani kote. Dunia inajizungusha na imetuna kidogo kwenye ikweta, hivyo g ni karibu 9.83 kwenye ncha zake na 9.78 kwenye ikweta. London ni 9.81. Dar es Salaam, usawa wa bahari na digrii zisizotimia saba kusini mwa ikweta, ni 9.78. Dodoma na Mbeya, hata ukiingiza mwinuko wao, ukikadiria kwa tarakimu tatu bado ni 9.78. Kwa hiyo namba wanayokuletea ni ya Ulaya, imesafiri ndani ya vitabu.

Usikimbilie kuwaita waongo, lakini. Pendulamu ya mita moja ikipimwa kwa uangalifu wa kawaida hutoa g yenye shaka ya 0.02 au zaidi. (Kwa "shaka" namaanisha upana wa eneo ambamo tuna sababu ya kuamini thamani imo.) Jozi moja ya wanafunzi kupata 9.81 kwa haki kabisa inawezekana. Darasa zima kupata 9.81, hapo hapana. Kama wangepima kweli, matokeo yangetawanyika: huyu 9.74, yule 9.80, mwingine 9.83, yakizunguka 9.78 au chini yake kidogo, na hiyo "chini yake" nitaieleza mbele. Rundo la 9.81 lisilo na mtawanyiko ndilo lisilowezekana. Kusanya matokeo ya ripoti za mwaka jana, ficha majina, chora histogramu ubaoni (mchoro wa nguzo unaoonyesha kila namba imetokea mara ngapi), kisha waulize: je, vipimo halisi vya watu wengi hivi vingeweza kukaa namna hii? Hoja watakayoijenga kujibu ni ya uwezekano mwanzo hadi mwisho, na wataijenga bila wewe kutaja fomula hata moja.

Wala tatizo si tabia mbaya. Tangu sekondari wamefundishwa kwamba jaribio zuri ni lile lililotoa namba ya kitabuni, na alama zimewafuata waliofanya hivyo. Wanafanya kile tulichowalipa wakifanye.

Sasa kuna jambo la ndani zaidi ambalo kila anayesimamia maabara ya mwaka wa kwanza anapaswa kulijua, na lilichunguzwa vizuri hapa hapa Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Saalih Allie na Andy Buffler wa Chuo Kikuu cha Cape Town, wakishirikiana na Bob Campbell na Fred Lubben wa York, Uingereza, waliwapa wanafunzi waliokuwa wanaingia mwaka wa kwanza maswali kuhusu jaribio jepesi: mpira unaachiliwa juu ya mteremko uliowekwa mezani, unaruka ukingoni, unaanguka sakafuni, na umbali wake unapimwa. Je, kuna haja ya kurudia? Ukirudia ukapata namba tofauti, ufanyeje? Walichokiona ni namna mbili za kufikiri. Wapo wanaoamini kwamba kila kipimo kimesimama peke yake na kinaweza kuwa ndicho chenyewe. Wao hurudia ili kupata mazoezi, au kusubiri namba ijirudie mara mbili waichukue. Na wapo wanaoona kila kipimo kama sehemu ya kundi, na kwamba ni kundi zima, kitovu chake na upana wake, ndilo linalosema kitu kuhusu umbali unaotafutwa. Watafiti waliziita fikra ya nukta na fikra ya kundi.

Wajaribu wako kwa dakika tano. Kikundi cha kwanza kimepima umbali wa mpira kwa milimita: 441, 436, 444, 438, 446. Cha pili: 441, 425, 460, 432, 447. Cha tatu: 442, 437, 445, 440, 446. Waulize, kati ya kikundi cha kwanza na cha pili, ni kipi kina matokeo bora? Wastani wa vyote viwili ni 441. Wengi watakujibu kwamba ni sawasawa, maana wastani ni uleule. Kisha waulize kama kikundi cha kwanza na cha tatu kinakubaliana. Wastani wa tatu ni 442. "Havikubaliani," watakwambia, "441 si 442." Na hao hao ukiwaambia watafute mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha mtawanyiko, wataupata bila kosa. Hapo ndipo ulipo ugonjwa: zana za kundi ziko mkononi, fikra ya nukta iko kichwani. Utafiti wa Cape Town ulionyesha kwamba kozi ya maabara ya kawaida huwaacha wanafunzi wengi hapo hapo, wakijua kukokotoa wastani na bado wakilinganisha matokeo kama watu wasioujua mtawanyiko. Ndiyo maana sina imani na wiki zako nne. Zitaongeza zana.

Hebu nikupe kikao cha kwanza, ambacho pia kitakuondolea tatizo la vifaa. Unahitaji pendulamu moja tu kwa darasa zima. Funga uzi darini, mita moja kutoka pale ulipofungwa hadi katikati ya tufe la chuma, mahali ambapo kila mtu anaona. Kila mwanafunzi atumie stopwochi ya simu yake. Wapime mibembeo kumi kamili, kwenda na kurudi, kila mtu akihesabu moyoni. Sisitiza kimya. Kisha kila mmoja aje ubaoni aweke alama ya namba yake kwenye mstari wa sekunde.

Kitakachotokea nakifahamu vizuri. Pendulamu ya mita moja hapa kwetu huchukua sekunde 2.01 kwa mbembeo, kwa hiyo kumi ni sekunde 20.1. Alama nyingi zitajikusanya kati ya 19.9 na 20.4 hivi, nene katikati, nyembamba pembeni. Lakini kutakuwa na kijirundo kingine kwenye 18.1, kimesimama pekee. Hao ni waliosema "moja" walipoachilia tufe badala ya "sifuri", wakahesabu mibembeo tisa. Pengine utamwona na mmoja wa 22.1. Hapa usiwahi kutoa jibu. Waache wabishane kama namba hizo zifutwe. Atatokea atakayesema zifutwe kwa sababu ziko mbali, na atatokea atakayepima umbali wa kijirundo kutoka kwenye kundi, akaona ni sekunde mbili, akatambua kwamba huo ni mbembeo mmoja kamili. Wa pili ana sababu ya kufuta. Wa kwanza hana. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa kuliko kanuni yoyote ya kuondoa data iliyo kitabuni, na hutakaa uipate kwa kuifundisha kwa mdomo.

Kisha rudieni, safari hii mwanafunzi mmoja akihesabu kwa sauti na wote wakimfuata. Mtawanyiko utapungua. Waulize kama kipimo kimekuwa bora. Halafu, bila kuwaambia wengine, mwombe huyo mhesabuji aanzie "moja" badala ya "sifuri". Darasa zima litatoka na sekunde 18.1, wamekubaliana vizuri kabisa, na wote wamepotoka. Hivyo ndivyo vipimo visivyo huru vinavyofanana, na ndivyo mtawanyiko mdogo unavyoweza kudanganya. Utalirejea jambo hili muhula mzima.

Ukiwa bado na histogramu ubaoni, uliza maswali mawili, na usiyachanganye. La kwanza: mwenzenu mmoja hakuja leo; akija kesho akapima mara moja tu, mnatabiri atasoma kati ya ngapi na ngapi? La pili: darasa zima likirudia kesho, wastani mpya utahama kiasi gani kutoka huu wa leo? Mara ya kwanza wengi watatoa jibu moja kwa maswali yote mawili. Warudishe wapime mara ya pili na ya tatu, waandike wastani wa kila raundi. Wataona namba za mtu mmoja mmoja zinacheza kwa sehemu ya kumi ya sekunde na zaidi, huku wastani wa darasa ukisogea kwa sehemu ndogo ya mia. Sasa ndipo unapoandika kwamba mtawanyiko wa wastani ni mtawanyiko wa kipimo kimoja ukigawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo. Wameshaiona ikitokea, fomula inakuja kuitia jina.

Kikao cha pili ndicho moyo wa kozi. Acha kabisa kuwauliza g. Waulize hivi: je, muda wa mbembeo mmoja ukiachilia tufe kwenye pembe ya digrii 10 ni sawa na ukiachilia kwenye digrii 20? Kitabu chao kinasema muda hautegemei pembe. Wao wenyewe ndio watakaoamua.

Jaribio hili lilitumiwa na Natasha Holmes, Carl Wieman na Doug Bonn katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, na matokeo yao yalichapishwa 2015. Wanafunzi walipewa utaratibu mmoja: linganisha matokeo mawili kwa kuzingatia shaka, kisha amua la kufanya, kisha lifanye, kisha linganisha tena. Waliofundishwa hivyo walikuwa na uwezekano mara 12 zaidi ya wenzao wa kupendekeza au kufanya maboresho ya njia ya kupima kwa hiari yao, na mara nne zaidi wa kutambua na kueleza mpaka wa modeli ya kifizikia. Tabia hiyo ilibaki hata walipoacha kuelekezwa.

Kulinganisha kwenyewe ni hesabu fupi. Chukua tofauti ya matokeo mawili, igawe kwa kipeuo cha pili cha jumla ya miraba ya shaka zao. Ukipata chini ya 1, hamwezi kuyatofautisha. Lakini pengine ni kwa sababu shaka zenu ni kubwa mno, kwa hiyo pimeni vizuri zaidi. Ukipata zaidi ya 3, kuna uwezekano mkubwa yako tofauti kweli, au kuna kitu hamkukiona. Katikati hapo, endeleeni kupima. Rudi kwenye ule mpira: tofauti ya kikundi cha kwanza na cha tatu ni milimita 1, shaka za wastani wao ni karibu 1.8 na 1.6, na uwiano unatoka 0.4. Wanakubaliana vizuri.

Sasa fuatana na jozi moja ya wanafunzi. Mkono wa binadamu kwenye stopwochi hutawanyika kwa takriban sekunde 0.1. Raundi ya kwanza wanapima mbembeo mmoja, mara kumi kwa kila pembe. Shaka ya kila wastani ni 0.1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha kumi, yaani karibu 0.03. Tofauti halisi wanayoiwinda ni ndogo: nadharia inasema muda huongezeka kwa mraba wa pembe, iliyo katika radiani, ukigawanywa kwa 16. Kwa digrii 10 ni 0.19 asilimia, kwa digrii 20 ni 0.76 asilimia. Kwa pendulamu ya sekunde 2.01, tofauti kati yao ni sekunde 0.0115. Shaka ya 0.03 inaimeza yote. Wataandika "sawa", wafunge daftari.

Hapo ndipo wewe unapopita mezani kwao na kuuliza: mnajuaje kwamba ni sawa, na si kwamba hamuoni? Wanarudi. Wazo la kwanza litakuwa kurudia zaidi. Vizuri, wapige hesabu kabla ya kupima: wakipima mbembeo mmoja mara mia, shaka inashuka hadi 0.01, bado haitoshi na mkono umechoka. Kisha mmoja wao, na karibu kila kikao anatokea, atasema tuhesabu mibembeo mingi kwa mkupuo mmoja. Kosa la mkono linaingia mwanzoni na mwishoni tu, hata mibembeo iwe mingapi. Mibembeo 50 kwa mkupuo inatoa shaka ya 0.1 gawanya kwa 50, yaani 0.002 kwa mbembeo. Kazi ya mibembeo mia moja ile ile: ukiipima mmoja mmoja unapata 0.01, ukiipima kwa mkupuo unapata 0.001. Kurudia kunakulipa kwa kipeuo cha pili cha idadi. Kubuni kipimo vizuri kunakulipa kwa idadi yenyewe. Mwanafunzi aliyegundua hilo kwa jasho lake ameelewa kipeuo cha pili cha N (idadi ya vipimo) kuliko aliyekithibitisha ubaoni.

Na mambo hayaishii hapo, ndiyo maana nalipenda jaribio hili. Ukihesabu mibembeo 50, tufe linapoteza nguvu. Lililoanza digrii 20 halimalizi kwenye digrii 20. Kwa hiyo mkupuo mrefu unapunguza shaka ya mkono lakini unaharibu lile unalolipima. Wengine watachagua mibembeo 20 mara tano, wapate karibu 0.002 bila pembe kushuka sana. Huko ndiko kubuni jaribio. Wakifika hapo uwiano wao utapita 3, na watakuja kwako wameshika karatasi, wengine kwa woga, kukuambia kwamba kitabu kimekosea. Waambie kitabu hakijakosea, kimekadiria, na wao wameona ukadirio unapoishia. Mpe mwanafunzi siku kama hiyo mara moja, hutamkuta tena akipika data.

Sasa turudi kwenye ile "chini yake kidogo". Anayepima g kwa kuachilia tufe kwenye digrii 10 huku akitumia fomula rahisi, muda wake ni mrefu kwa 0.19 asilimia, na kwa kuwa g inategemea mraba wa muda, g yake inashuka kwa takriban 0.4 asilimia. Hapa Tanzania atapata 9.74. Arudie mara elfu moja, wastani utazidi kuganda kwenye 9.74. Kwa digrii 5 upungufu unabaki karibu 0.01. Mwonyeshe mwanafunzi namba hizi mbili na atajua daima kwamba kurudia hutibu mtawanyiko; mpotoko, yaani kukosea kwa upande uleule kila mara, hautibiwi hivyo.

Historia inatoa mfano mkubwa zaidi wa kulinganisha. Lord Rayleigh, Mwingereza, alipokuwa anapima msongamano wa naitrojeni mwanzoni mwa miaka ya 1890, naitrojeni aliyoitoa hewani ilijaza chombo chake kwa uzito wa gramu 2.310 hivi, na ile iliyotengenezwa kwa kemikali gramu 2.299 hivi. Tofauti ni nusu asilimia tu. Lakini mtawanyiko ndani ya kila kundi ulikuwa mdogo sana kuliko tofauti hiyo, kwa hiyo hakuweza kuiita bahati. Mwaka 1894 yeye na William Ramsay walitangaza gesi mpya, argoni, ambayo ni karibu asilimia moja ya hewa tunayovuta. Wote wawili walipata tuzo ya Nobel 1904, mmoja ya fizikia, mwingine ya kemia. Fikiria kama Rayleigh angechukua wastani wa namba zote na kuandika "makosa ya kibinadamu".

Kuna sehemu moja ya uwezekano ambayo histogramu haiifikii, na wahadhiri wengi huiruka. Mwanafunzi anasoma mizani ya dijitali mara moja: gramu 52.3. Anarudia, 52.3. Anarudia tena, 52.3. Mtawanyiko ni sifuri. Je, shaka ni sifuri? Hapana. Skrini inamwambia tu kwamba thamani iko kati ya 52.25 na 52.35, na hana sababu ya kupendelea sehemu yoyote ya hapo katikati. Ujuzi wake una umbo la mstatili, na shaka yake ni nusu ya upana ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 3: hapa 0.05 gawanya kwa 1.73, karibu gramu 0.03. Akisoma rula kwa jicho, ana sababu ya kuamini katikati kuliko pembeni. Umbo ni pembetatu, na unagawanya nusu ya upana kwa kipeuo cha pili cha 6. Huu ni uwezekano unaoeleza tunachokijua, hauhitaji kitu chochote kurudiwa.

Mwongozo wa kimataifa wa kueleza shaka za vipimo, uliochapishwa na ISO, shirika la kimataifa la viwango, 1993 kwa niaba ya mashirika saba ya kimataifa, unakubali aina zote mbili: Aina A, inayotokana na takwimu za vipimo vilivyorudiwa, na Aina B, inayotokana na ujuzi mwingine wowote, kama skrini, cheti cha chombo au uzoefu. Zinajumlishwa kwa namna moja. Kundi la Cape Town lilijenga kozi yao ya maabara juu ya mwongozo huo, na mimi naona ndiyo njia safi kuliko ile ya zamani ya kuorodhesha "makosa ya nasibu" na "makosa ya mfumo" kama magonjwa ya mpimaji. Neno "kosa" linamfanya mwanafunzi ajione mwenye hatia. Shaka ni sehemu ya jibu.

Baada ya hapo, na si kabla, wapeleke kwenye uhesabuji wa mionzi. Huko bahati iko ndani ya maumbile, haitokani na mkono wala skrini. Mwaka 1910 wanafizikia Rutherford na Geiger, Manchester, walichapisha hesabu ya chembe za alfa (aina ya mionzi) kutoka poloniamu, elementi yenye mionzi, katika vipindi 2,608 vya sekunde 7.5 kila kimoja. Wastani ulikuwa chembe 3.87 kwa kipindi. Vipindi 57 havikuwa na chembe hata moja, 532 vilikuwa na nne, na kimoja kilikuwa na 14. Mtawanyo wa Poisson, yaani kanuni ya uwezekano ya matukio ya bahati yasiyotegemeana, ukiwa na wastani huo unatabiri vipindi karibu 54 vya sifuri na 508 vya nne. Wape wanafunzi jedwali hilo walijaribu wenyewe. Kisha wahesabu mionzi ya mazingira kwa kaunta ya Geiger, kifaa cha kuhesabu mionzi, bila chanzo chochote cha mionzi. Chanzo kinakuingiza kwenye taratibu za kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu, na kwa somo hili hukihitaji. Wakihesabu 100, shaka ni kipeuo cha pili cha hiyo hesabu, 10, yaani asilimia kumi. Wakitaka asilimia moja lazima wahesabu 10,000. Kama hata kaunta moja huna, dadu mia moja zitatosha: rusha zote, ondoa zilizoangukia sita, rusha zilizobaki. Nusu ya maisha, yaani mirusho ya kupunguza dadu hadi nusu, ni 3.8. Vikundi ishirini vikichora mistari yao kwenye grafu moja wataona mkunjo unaofanana na namba zisizofanana, hasa mwishoni dadu zikiwa chache.

Kuhusu simu, programu ya bure ya phyphox, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, inasoma vihisi vya simu na inaweza kupima muda wa pendulamu. Itumie wiki za mwisho tu. Ukiianza mapema inawanyima mtawanyiko wa mkono, ambao ndio mwalimu wao wa kwanza.

Yote haya yatakwama usipogusa alama. Ondoa kabisa alama ya kukaribia thamani ya kitabuni. Gawa alama kwa ulinganisho ulioandikwa kwa namba, kwa uamuzi uliofuata ulinganisho huo, na kwa raundi ya pili iliyoboreshwa. Ripoti ya kurasa mbili yenye raundi tatu ina thamani kuliko ya kurasa kumi yenye raundi moja, na wewe mwenye ripoti zaidi ya sabini na tano za kusahihisha, moja kwa kila jozi, utashukuru. Jaribio moja lipewe vikao viwili vya maabara vya saa tatu. Punguza majaribio kutoka kumi hadi matano bila kusikitika. Wakubwa wa idara watauliza mtaala utakamilikaje. Wieman na Holmes walilinganisha pia, na kuchapisha 2015, alama za mitihani za waliochukua maabara na wasioichukua katika kozi ambayo maabara yake ilikusudiwa kuimarisha mada za darasani, na hawakuona faida inayopimika. Kwa hiyo ukipunguza majaribio ya kuthibitisha fomula, mtihani wao wa nadharia hauko hatarini kama idara inavyohofia.

Na ile sentensi ya makosa ya kibinadamu, ipige marufuku siku ya kwanza. Badala yake mwanafunzi ataje kitu kimoja kilichochangia shaka kubwa kuliko vingine, aandike kimechangia kiasi gani kwa namba, na aseme angekipunguzaje akipewa saa moja zaidi. Kisha wiki inayofuata mpe hiyo saa.